Siku Kama ya Leo: Chemsha Bongo ya Tarehe Kijiweni Nyasubi

Chemsha bongo ya tarehe ni mchezo wa maswali unaofuata kalenda. Kila siku huulizwa jambo lililotokea siku na mwezi kama huo katika mwaka mwingine: nani alizaliwa, nani alifariki, mkataba gani ulitiwa saini, meli gani ilizama. Katika mchezo huu muulizaji hachagui mada; tarehe humchagulia. Leo atauliza juu ya vita, kesho juu ya mbio za mita 1,500, keshokutwa juu ya almasi. Anayejibu hawezi kukariri sura moja ya kitabu akashinda mwezi mzima.

Wasikilizaji wa redio Afrika Mashariki wanaujua mtindo huu. Idhaa ya Kiswahili ya Radio Tehran, kwa mfano, imewazoeza wengi kipindi cha "Leo katika Historia", ambacho hutaja tarehe ya Hijria pamoja na ile ya Miladia kisha kuhesabu miaka iliyopita tangu tukio litokee. Mizizi ya mchezo wenyewe ni ya kale kuliko redio. Ni mizizi ya kitendawili: mmoja hutega, wengine hutegua, na wakishindwa humpa mtegaji mji ili awape jibu.

Ubao na kanuni zake

Kumbukumbu hizi zinahusu kijiwe kimoja cha kahawa katika kata ya Nyasubi, Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, ambako chemsha bongo ya tarehe ilianza mwaka 2014. Kijiwe kilikuwa na mabenchi mawili ya mbao, jiko la mkaa, birika, vikombe vidogo na sahani ya kashata. Wateja wake walikuwa waendesha bodaboda, wauza mchele, walinzi wanaotoka lindo, wazee wa mtaa na wachimbaji wadogo waliosubiri gari la kuwapeleka machimboni. Mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi alileta ubao mdogo mweusi, akautundika ukutani juu ya birika, akaandika kwa chaki: "Siku kama ya leo".

Kanuni zilikuwa chache. Swali liliandikwa saa kumi na mbili asubuhi na jibu likatolewa saa kumi na mbili jioni, ili wanaotoka kazini walikute. Kila mtu alikuwa na jibu moja tu. Simu ilikaa mfukoni. Aliyelipinga jibu la ubao alitakiwa kuleta ushahidi, kitabu au mtu aliyekuwepo, na akishinda, kesho yake ubao ulitangaza kosa lake wenyewe kwa herufi kubwa. Mshindi alipata kikombe cha kahawa na kashata moja. Kijiwe kizima kikishindwa, mtegaji alidai mji kama desturi inavyotaka, lakini hapo hakuna aliyetoa Mombasa wala Dar es Salaam. Walitoa machimbo: "Tumekupa Nyarugusu." Mwalimu alikaa Nyarugusu kidogo, akasifu dhahabu yake, kisha akatoa jibu.

Pembeni ya ubao kulikuwa na daftari kubwa la kaunta, ukurasa mmoja kwa kila siku ya mwaka, kurasa 366 kwa jumla. Kila tukio lililothibitishwa liliingizwa kwenye ukurasa wa tarehe yake. Daftari hilo ndilo lililogeuka kuwa shule, na mengi yanayofuata hapa yalijifunzwa katika kulijaza.

Kutunga swali

Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba swali la "mwaka gani" ni swali dhaifu. Siku na mwezi tayari viko ubaoni. Mtungaji mvivu hubakiwa na mwaka tu. Katika wiki za mwanzo maswali mengi yalikuwa ya aina hiyo, na washindi walikuwa wanafunzi wa sekondari waliopita pale wakienda shule. Walijua 1961, 1964 na 1967 kama wanavyojua jedwali la kuzidisha. Walijibu, wakapewa kashata, wakaondoka. Wazee walibaki kimya na vikombe vyao.

Kasoro hiyo ilionekana wazi tarehe 11 Aprili ya mwaka uliofuata. Swali lilikuwa: siku kama ya leo Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nayo, mwaka gani? Mwanafunzi akajibu 1979, jibu sahihi. Kwenye benchi alikuwepo mzee aliyekwenda vitani akiwa mwanamgambo, na yeye alikuwa bado anahesabu kwa vidole kuanzia Operesheni Vijiji, yaani kuhamia vijijini. Uganda ilivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na vijana wengi wa Usukumani na Unyamwezini waliitwa kama yeye. Jioni hiyo, mchezo ulipokwisha, ndipo alipoeleza alivyotembea kwenye tope la masika, alivyobeba risasi kichwani, na jinsi watu wa vijiji vya Uganda walivyowapokea kwa ndizi. Hayo hayakuwemo katika swali, na kwa hiyo hayakupata kashata.

"Tarehe ni mpini tu," mwalimu alisema akifuta ubao. "Jembe liko mbele."

Tangu hapo kila swali lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilitaka jambo: jina, mahali au mwaka. Ya pili ilitaka maelezo: kwa nini, kwa njia gani, au lilimgusa nani hapa. Kashata ilitolewa kwa sehemu ya pili. Tarehe 2 Februari, kwa mfano, swali la jambo lilikuwa ni Mtanzania gani aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Jibu ni Filbert Bayi, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Swali la maelezo lilikuwa: alikimbiaje? Aliyeshinda ni mwendesha bodaboda aliyeeleza kuwa Bayi alitangulia tangu mwanzo akawaacha wengine wamfukuze, badala ya kujificha nyuma na kungoja mzunguko wa mwisho. Alikuwa amehadithiwa hayo na baba yake. Tarehe 20 Oktoba ikaja zamu ya John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji. Hapo swali la pili likawa: kwa nini wa mwisho anakumbukwa, na ni wangapi hapa wanaomjua wa kwanza? Hakuna aliyemtaja Mamo Wolde wa Ethiopia.

Tarehe zilizotokea na tarehe zilizochaguliwa

Daftari lilipoanza kujaa, ilionekana kwamba kalenda ya Tanzania haikujaa sawasawa. Aprili imefurika. Tarehe 7 Aprili 1972 Abeid Amani Karume aliuawa Zanzibar. Tarehe 11 ni Kampala. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma. Tarehe 13 Aprili 1922 ndiyo siku aliyozaliwa Julius Nyerere. Tarehe 26 Aprili 1964 ni Muungano. Kurasa za miezi mingine zilikaa nyeupe wiki nzima.

Mfuriko wa Aprili ni wa bahati; hakuna aliyepanga Sokoine afariki siku moja kabla ya kumbukumbu ya kuzaliwa Nyerere. Lakini ziko tarehe zinazofanana kwa sababu watu walizifananisha. Ukurasa wa 5 Februari una matukio matatu: kuanzishwa kwa Chama cha Afro-Shirazi (ASP), 1957, kutangazwa kwa Azimio la Arusha, 1967, na kuzaliwa kwa Chama cha Mapinduzi, 1977. Vyama vya TANU na ASP vilipoungana kuunda Chama cha Mapinduzi vilichagua siku iliyokwisha kubeba maana, wakati ASP ikitimiza miaka 20 na Azimio miaka 10. Vivyo hivyo Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, kisha ikawa jamhuri 9 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili baadaye.

Kutenganisha aina hizi mbili ni jambo la manufaa kwa kila atungaye maswali. Tarehe iliyotokea humwuliza msomaji: nini kilisababisha? Tarehe iliyochaguliwa humwuliza: nani aliichagua, na alitaka ikumbushe nini? Kijana aliyezoea kusikia tu kwamba "mambo makubwa hutokea tarehe 5 Februari" huanza kuona mkono wa binadamu ndani ya kalenda.

Maana ya siku nayo huweza kuhama huku jina likibaki. Tarehe 7 Julai ubao uliuliza asili ya Sabasaba. Majibu karibu yote ya vijana yalikuwa maonesho ya biashara ya Dar es Salaam. Wazee walicheka, kisha wakaeleza kuwa siku hiyo mwaka 1954 ndipo ilipoanzishwa TANU kutokana na chama cha TAA. Majibu yote mawili yaliingia daftarini, la zamani juu na la sasa chini, kwa kuwa yote ni historia.

Mitego ya kalenda

Anayedhani kwamba tarehe ni kitu kisichobishaniwa hajawahi kuandika ubao. Mtego wa kwanza ni usiku. Kwa saa za ofisini siku hugeuka saa sita usiku. Kwa hesabu ya Waswahili wa jadi, na ya kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapozama, na usiku wa Ijumaa ndio unaotangulia mchana wa Ijumaa. Ndiyo maana Kiswahili kina msemo usiochosha, "usiku wa kuamkia", unaomaliza ugomvi kabla haujaanza. Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika usiku wa kuamkia Jumapili, 12 Januari 1964. Anayesema Jumamosi usiku na anayesema Jumapili alfajiri wanazungumzia saa zilezile. Taarifa ya kifo cha Rais mstaafu Benjamin Mkapa ilitolewa usiku wa kuamkia 24 Julai 2020. Ndiyo sababu orodha nyingine huandika tarehe 23 na nyingine 24. Kijiweni, kurasa zote mbili zilitajana: "tazama ukurasa wa pili".

Mtego wa pili ni kubadilika kwa kalenda yenyewe. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa Miladia, kwa hiyo kumbukumbu ya Kiislamu huzunguka majira yote na haiwezi kukaa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Kalenda ya Kizungu nayo ilikatwa. Papa Gregori wa XIII alipoirekebisha mwaka 1582, tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na tarehe 15 katika nchi zilizomtii. Uingereza ilichelewa hadi 1752, na Urusi hadi baada ya mapinduzi yake ya 1917, ndiyo sababu Mapinduzi ya Oktoba huadhimishwa Novemba 7. Tarehe zote za Vasco da Gama katika pwani ya Malindi mwaka 1498 ni za kalenda ya zamani.

Mtego wa tatu ni jina. Kosa kubwa la ubao wa Nyasubi lilikuwa hapa. Asubuhi ya 26 Aprili uliandikwa kwamba siku hiyo mwaka 1964 nchi ilianza kuitwa Tanzania. Mlinzi mmoja, aliyekuwa bado na rungu lake kwapani, alisoma, akanywa kahawa, akasema nchi iliyozaliwa siku hiyo iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huohuo. Alikuwa sahihi. Kesho yake ubao uliandika kosa lake kwa herufi kubwa, na mlinzi akapewa kashata mbili.

Mtego wa nne ni kitenzi. Tarehe 3 Agosti mtu huweza kuandika kwa urahisi: siku kama ya leo mwaka 1858 John Hanning Speke aligundua Ziwa Victoria. Alipoulizwa nani wa kwanza kulijua ziwa hilo, muuza dagaa alijibu, "Waliokuwa wakilivua." Swali likaandikwa upya. Speke alimwacha Richard Burton akiugua Kaze, karibu na Tabora ya leo, akaenda kaskazini kupitia nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma hadi akaliona ziwa upande wa Mwanza. Sasa swali lilikuwa: ni Mwafrika gani maarufu aliyekuwa katika msafara huo? Jibu ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa utumwani India, kisha akarudi na kuongoza misafara ya Burton, Speke, Stanley na Cameron. Kwa kubadilisha kitenzi kimoja, swali lililokuwa na jibu moja la kitabuni lilileta mtu mzima na safari zake.

Tarehe za nyumbani

Baada ya mwaka mmoja mwalimu alipitia daftari akaona upungufu mwingine. Kurasa zilijaa Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha na London. Kahama, Shinyanga na Geita zilionekana kwa nadra. Sababu haikuwa kwamba hakukutokea jambo. Orodha za matukio hutungwa na wanaokaa karibu na makao ya serikali na magazeti, na mambo ya bara hufika humo pale tu yanapowagusa wakubwa.

Sababu nyingine iko katika namna watu wenyewe walivyohifadhi wakati. Usukumani na Unyamwezini mwaka ulikumbukwa kwa njaa, kwa nzige, kwa mvua, kwa kuhamia vijijini. Hata majina hubeba taarifa: Mabula na Mbula hutokana na mvua, Limi hutokana na jua. Mtu wa jina hilo anajua alizaliwa katika hali gani bila kujua tarehe. Hata Mirambo, mtawala wa Unyamwezi ambaye nguvu zake zilitikisa njia yote ya misafara kutoka Tabora, ana tarehe ya kifo, 2 Desemba 1884, kwa kuwa karibu yake Urambo walikuwepo wamisionari wa Kiingereza wenye kalenda. Watawala wengi wa zama zake hawana ukurasa.

Kazi ya kutafuta tarehe za nyumbani ikaanza. Nyingine zilipatikana kwa kushika tukio la mbali na kulifuata hadi lilipogusa ardhi ya Shinyanga. Tarehe 20 Novemba 1947 Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliolewa London. Tukio hilo lina uhusiano gani na Shinyanga? Mwaka huohuo, katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, na John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyeugundua mgodi huo mwaka 1940, akampa bibi harusi. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huo mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya kikoloni. Mwadui ilirudi daftarini miaka mingi baadaye kwa tarehe ya uchungu: 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka na tope likafunika mashamba na nyumba.

Dhahabu nayo ilipata kurasa zake, ingawa mingi ni miaka bila siku: mgodi mkubwa wa Geita, 2000, Bulyanhulu, 2001, Buzwagi, uliokuwa ukionekana kutoka mji wa Kahama, 2009, na kukoma kwa uzalishaji wake 2021. Reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Isaka na Shinyanga, ilikamilika 1928. Machi 2012 mkoa wa Geita ulizaliwa, na katika mgawanyo huo Shinyanga ikaachia Bukombe kwa Geita, na Bariadi, Maswa na Meatu kwa Simiyu. Wazee waliokwenda kulala Shinyanga wakaamka Geita bila kuhama nyumba walilipenda sana swali hilo.

Swali linalokumbukwa kuliko yote lilitoka machimboni. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara, yaani shimo, la wachimbaji wadogo huko Nyangalata, Kahama, liliporomoka na wachimbaji sita wakafukiwa. Watu walikata tamaa. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano waliokolewa wakiwa hai. Walikuwa wakila mizizi na wadudu na kunywa maji yaliyodondoka miambani. Mmoja alikuwa amekwisha kufa mle ndani. Mwaka uliofuata, asubuhi ya 5 Novemba, ubao uliandika: siku kama ya leo mwaka jana John Magufuli aliapishwa kuwa Rais. Ni Watanzania gani, wenye akili timamu na umri wa kupiga kura, ambao hawakujua kwamba uchaguzi umefanyika wala kwamba nchi imepata rais mpya?

Wasomi walitaja wavuvi wa visiwani, wafungwa na walio ughaibuni. Wachimbaji waliokuwa wakisubiri gari walitazamana, na mmoja akajibu bila kuinua sauti: wale wa Nyangalata. Uchaguzi wa 25 Oktoba ulifanyika juu ya vichwa vyao. Hapakuwa na kitabu chenye jibu hilo. Lilipatikana kwa kuweka tarehe mbili kando kwa kando, moja ya taifa na moja ya machimbo.

Tarehe za msiba

Si kila kumbukumbu inafaa kushindaniwa, na kijiwe kilijifunza hilo kwa aibu. Alfajiri ya kila 21 Mei watu wa Kanda ya Ziwa hukumbuka MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya Jumanne mwaka 1996 ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba, ikaua mamia ya abiria. Ubao uliuliza walikufa wangapi. Watu wakaanza kutupa tarakimu kama wanaonadi mbuzi. Mama mmoja muuza mchele, ambaye huchukua kahawa yake akiwa amesimama, aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akaondoka bila kuaga. Baadaye ilijulikana kuwa ndugu yake alikuwa ndani ya meli.

Kanuni mpya iliandikwa ndani ya jalada la daftari: tarehe ambayo mmoja wa wanywaji kahawa anaweza kuwa mfiwa haina kashata. Siku kama hizo, 21 Mei na 7 Agosti ya milipuko ya balozi za Marekani mwaka 1998 zikiwemo, ubao huandika tukio na mwaka wake, bila swali. Anayetaka kusema husema. Mama yule alirudi baada ya wiki, na 21 Mei iliyofuata ndiye aliyesimulia.

Simu mfukoni

Kanuni ya simu ilidumu muda mfupi. Simu janja ziliposhuka bei, kijana aliweza kwenda msalani akarudi na jibu kamili, tahajia ya kigeni ikiwa sahihi. Kijiwe kilikuwa na njia mbili: kupekua mifuko, au kutunga maswali ambayo simu haitoi jibu lake peke yake. Ilichaguliwa ya pili. Simu ikaruhusiwa kwa sehemu ya kwanza ya swali, na sehemu ya pili ikabaki ya vinywa: nani hapa alikuwepo, bei ya pamba ilikuwaje mwaka huo, watu walisikia habari hiyo kwa redio ya nani. Simu ikawa chombo cha kuthibitishia pia, kwa sharti kwamba jambo haliingii daftarini mpaka lithibitishwe na vyanzo viwili visivyonakiliana. Iligundulika mapema kwamba orodha kumi za mtandaoni zenye kosa moja ni chanzo kimoja.

Kwa mwalimu au mzazi anayetaka kuanzisha mchezo huu, uzoefu wa Nyasubi unatosha kwa mambo manne. Swali liwe na sehemu mbili na zawadi ikae kwenye ya pili. Kosa la muulizaji litangazwe kwa sauti ileile iliyotangaza swali. Katika kila wiki angalau siku moja iwe ya tukio la mahali pale. Na msiba usigeuzwe mchezo.

Ukurasa wa 29 Februari

Katika daftari la kurasa 366 ukurasa mmoja ulikaa mweupe kuliko yote. Mwaka 2016, siku hiyo ilipofika, ubao uliuliza kwa nini ipo. Jibu ni kwamba dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na karibu robo, na robo nne hufanya siku moja ya ziada. Miaka ya mamia huachwa isipogawanyika kwa 400, kwa hiyo 1900 haikuwa na 29 Februari, 2000 ilikuwa nayo, na 2100 haitakuwa nayo. Mwaka 2020 swali lilikuwa lilelile kwa kukosa jingine, na lilileta kicheko.

Alhamisi, 29 Februari 2024, ubao uliandika swali hilohilo kwa mara ya tatu. Jioni ya siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo cha Ali Hassan Mwinyi, Rais wa Awamu ya Pili. Kijiwe kilikuwa bado wazi. Vijana walitaja enzi yake ya ruksa, maduka yaliyojaa tena bidhaa na vyama vingi. Wazee wa Shinyanga walitaja jambo jingine. Mwaka 1976 watu waliokamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga katika msako wa mauaji ya ushirikina waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwa amewagusa kwa mkono wake, lakini Januari 1977 alijiuzulu, akisema dhamana ilikuwa yake. Baadaye alikuwa balozi nchini Misri, Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na tarehe 5 Novemba 1985 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Mwalimu alifungua ukurasa mweupe, akaandika kifo cha Mwinyi mstari wa kwanza na Shinyanga mstari wa pili. Swali limekwisha kutungwa chini yake: ni kiongozi gani aliyefariki siku kama ya leo, na watu wa mkoa huu wanamdai nini, au anawadai nini? Litaandikwa ubaoni tarehe 29 Februari 2028.